Mama Chapuchapu Asubiri Chakula

Wateja walimwita Mama Chapuchapu, na hawakumsingizia. Ukimpelekea suruali ya kupunguzwa asubuhi, mchana umeshaivaa. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani imetazama barabara, na jiko lilikuwa nyuma tu ya mgongo wake. Katikati ya pindo aliweza kuinuka, akatia kitunguu kwenye mafuta, akarudi kumalizia pindo kabla kitunguu hakijabadilika rangi.

Mapishi yake ya jioni hayakuwa na makuu. Leo dengu zilizolowekwa tangu asubuhi, zimeiva na nyanya na kitunguu saumu. Kesho tambi na kabichi. Ukibaki wali, unakaangwa na karoti, yai linapasuliwa juu, kwisha habari. "Chakula cha siku ya kazi ni cha kushibisha, si cha kupigwa picha," alikuwa akisema, na aliyetaka madoido alijua mlango ulipo.

Madoido yalikuwa ya mumewe. Huyu alifanya kazi kwenye baa ya hoteli tangu ujana wake, na kwa vile hata walevi wakitukanana mbele yake yeye alifuta glasi tu, walimbandika jina la Barafu. Jumamosi, watu wakistarehe, yeye ndiyo kwanza yuko kazini. Wikiendi yake ilikuwa Jumapili jioni, na jioni hiyo jikoni palikuwa pake. Mkewe aliketishwa kwenye kiti kama mteja.

"Mama anakunywa nini leo?"

"Chochote, mradi kije haraka."

"Kwenye kaunta hii hakuna haraka. Wenye haraka wakanywe maji ya bomba."

Basi alikamua ndimu, akaponda tangawizi, akamimina juisi ya nanasi, na mwisho soda kidogo ya kuamsha ulimi. Glasi yake aliitia ramu. Ya mkewe hakuitia, maana mkewe alishasema sindano ya cherehani haina urafiki na mlevi. Walikaa hapo mpaka barafu iyeyuke, wakiwasengenya wateja wa baa na wateja wa cherehani, na siku hiyo Mama Chapuchapu hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Kisha kikaja kiharusi. Mdomo ulinyooka baada ya muda, mguu ukarudi kwa kuchechemea, lakini mkono wa kulia ulibaki unaning'inia kama sweta kwenye kamba. Kazi ya baa ikaishia hapo.

Mama Chapuchapu hakulia mbele ya watu. Aliuingia ugonjwa ule kama anavyokiingia kitambaa, mkasi mbele. Alimfunga mumewe vifungo, akamkatia viazi, akammenyea mayai. Barafu akinyoosha mkono wa kushoto kufuata kikombe, kikombe kimeshafika mdomoni. Akianza kuhangaika na kifungo cha shati, mkewe keshakifunga na kola keshainyoosha. Yalikuwa mapenzi yenye injini. Majirani walisifu, wakasema mke wa namna hii haokotwi njiani. Barafu naye mwanzoni alisema asante, asante, asante. Baadaye akawa hasemi kitu. Jumapili zikawa siku kama siku nyingine, na glasi zikafunikwa kifudifudi kwenye kabati.

Jumamosi moja walikuwa mezani, dengu na viazi vinatoa moshi, Barafu akasema, "Nimeongea na kaka. Atakuja keshokutwa kunichukua."

"Kukupeleka wapi?"

"Kwake. Nikakae."

"Ukakae mpaka lini?"

"Nimesema nikakae, mama."

Mama Chapuchapu akaweka kijiko chini. "Kwake kuna nini ambacho hapa hakipo? Au nimekunyima nini?"

"Hujaninyima kitu. Ndiyo tabu yenyewe." Barafu alikuwa akitazama sahani yake, viazi vyote vimeshakatwa vidogo kama vya mtoto. "Kwa kaka nitakuwa mgeni. Mgeni akikaa bure si aibu. Hapa ni kwangu, na sina kazi hata ya kujifunga kifungo."

"Kazi gani sasa, na mkono huo?"

Neno lilishatoka. Ulimi wake nao ulikuwa chapuchapu, na haujui kurudi nyuma kama cherehani.

"Umesema kweli," Barafu akajibu polepole. "Kidole kimoja hakivunji chawa." Akasukuma sahani, akaenda kukaa nje mlangoni.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili. Mama Chapuchapu alishona huku akikosea, jambo ambalo cherehani yenyewe ililishangaa, na akili yake ilikuwa kwa yule mzee wake wa mlangoni. Amzuie vipi? Kumlilia hajui. Kumbembeleza hakufundishwa. Ndipo alipokumbuka vinywaji, akasema moyoni: kama anachokikosa ni Jumapili yake, basi nitamtengenezea mimi, aone nyumba hii haijapungua kitu.

Jioni akajifungia jikoni. Kile kikopo cha bati ambacho mumewe hutikisia vinywaji hakukiona, na kutafuta ni kupoteza muda, kwa hiyo akachukua chupa ya chai. Akatia nanasi, akatia ndimu, akatia vipande vya barafu. Akaona soda isije ikasahaulika, akaimimina yote. Akafunga kifuniko kwa nguvu za mwanamke aliyezoea kufunga magunia ya nguo, akaitikisa chupa kama anayefukuza paka.

Barafu alisikia kishindo kile, akaja akichechemea mpaka mlangoni. "Mke wangu, humo umetia soda?"

"Nimetia."

"Usifungu..."

Alikuwa keshafungua.

Kifuniko kilipiga dari. Kilichokuwa ndani kikafuata, kikapaka ukuta, kikapaka pazia, kikamwosha Mama Chapuchapu kuanzia kilemba mpaka kidevuni. Akasimama na chupa tupu mkononi, uzi wa nanasi unaning'inia puani.

Kisha Barafu akacheka. Alicheka akiegemea mlango, akacheka mpaka akashika tumbo kwa mkono wake mmoja. Kicheko hicho hakijasikika mle ndani tangu atoke hospitali.

"Soda haitikiswi, mama! Hata mlevi wa mwisho kufukuzwa anajua!"

Kwa kawaida angejibiwa jibu la kukumbuka mwaka mzima. Lakini Mama Chapuchapu alifuta uso kwa kiganja, akafuta tena, na uso ukaendelea kulowa.

"Nilitaka ubaki," akasema. "Nilisema ukiona kinywaji kipo, utabaki."

Kicheko cha Barafu kikaisha. Akaingia, akavuta kiti, akakifuta kwa kanga iliyokuwa mlangoni.

"Sikukosa kinywaji," akamwambia. "Nilikosa kaunta. Kaa."

"Ngoja nipige deki kwanza..."

"Kaa, mteja. Deki ni ya wenye baa."

Akakaa. Barafu akalowesha kitambaa, akakitandika mezani, akalaza ndimu juu yake isiteleze. Akaikata kwa mkono wa kushoto, vipande vikatoka kimoja kinene, kimoja chembamba. Kile chembamba kikamponyoka, kikabingirika sakafuni. Mama Chapuchapu aliinuka nusu.

"Nimekuita?"

Akakaa tena. Akaikalia mikono yake yote miwili, maana bila kuikalia isingetulia. Ndimu ikakamuliwa kwa kubanwa kwenye ukingo wa glasi. Sukari ikamwagika, ikazolewa. Mwanamke huyu kafiwa, kazaa, kadaiwa kodi, lakini wallahi hakuwahi kuona kazi ngumu kama ile ya kumtazama mtu akikamua ndimu.

"Sasa nishikie glasi," Barafu akasema. "Glasi tu."

Akashika glasi tu. Soda iliingia mwisho, taratibu, ikakorogwa kwa kijiko. Mkewe akaonja.

"Kali. Ndimu imezidi."

"Mteja mkorofi," Barafu akasema, akaongeza sukari.

Hakusema atabaki, na mkewe hakuuliza.

Jioni ya Jumatatu kaka mtu akafika, mtu wa sauti kubwa, funguo za gari zinalia kidoleni. Alimkuta mdogo wake amesimama jikoni mbele ya kikaango, viazi vimechemka, nyanya zinajikunja na kitunguu, mayai yanasubiri kwenye bakuli. Shati lake lilikuwa na kifungo kimoja kilichoruka tundu lake, na hakuna aliyelinyoosha.

"Begi liko wapi? Tuwahi barabara."

Mama Chapuchapu alikaa mezani, akaikalia tena mikono yake. Halikuwa swali lake.

"Kaa kwanza, kaka," Barafu akasema. "Kwangu mtu haondoki na njaa."

"Chakula chenyewe kitaiva saa ngapi?"

"Kikiiva."

Kaka akasubiri, akapiga miayo, akamgeukia mwenye nyumba wa kike. "Shemeji, si umsaidie? Tutalala hapa."

"Sijatumwa, shemeji."

"Makubwa! Wewe?"

"Mimi."

Yai la kwanza likapasuliwa kwenye ukingo wa kikaango kwa mkono wa kushoto, nusu ndani, nusu juu ya jiko. La pili likaingia lote.

"Haya, tule upesi tuondoke," kaka akasema.

"Utaondoka wewe, kaka, na mkono wangu utakupungia," Barafu akajibu bila kugeuka. "Mimi kesho nina dengu za kuloweka."

Mama Chapuchapu akainamia meza akaanza kuhesabu maua ya kitambaa cha meza, maana machoni hapakuwa pazuri. Sahani zikaja moja moja, kila moja na safari yake, mpishi akirudi jikoni kuifuata nyingine. Kaka akatia kijiko mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Shemeji, humu kuna ganda la yai."

"Basi liteme, shemeji," akasema Mama Chapuchapu, akajaza kijiko chake, "utupishe tule."