Mchele Mwekundu wa Sakinabai

Kabla sijafumbua macho nilisikia mchi. Ulishuka kinuni polepole, ukapumzika, ukashuka tena, na baina ya mapigo nilimsikia Bibi akivuta pumzi. Nilikuwa msichana wa miaka minane. Nyumbani kwetu Bagamoyo mchele ulitoka dukani mweupe kama meno ya mtoto, wala haukuhitaji kutwangwa. Kwa hiyo nilijua, hata nikiwa bado ndani ya shuka, kwamba Bibi anautwanga mchele wa Sakinabai.

Mama alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa Rajabu. Alijifungua mtoto aliyeishi siku tatu, kisha miguu ikamvimba, ikaingia ganzi, hata akikanyaga sakafu alisema anakanyaga pamba. Tangu mimba ile moyo wake ulikataa samaki na kunde. Alichoweza kukimeza ni wali mweupe tu, mchana na jioni. Sakinabai, mjane wa Kihindi aliyekaa nyumba ya pili, alikuja kumtazama. Alimbonyeza mguu kwa kidole, na kishimo kikabaki. Kesho yake akaleta kikapu cha mchele mwekundu uliotoka kwao, pwani ya Bara Hindi.

“Mchele huu umetafuna tambuu, mbona mwekundu hivi?” Bibi akamuuliza.

“Cheka tu, Bi Hadija. Kwetu kila bonde lina mchele wake. Kuna mwekundu, kuna mweusi, kuna mwingine mdogo kama ufuta, na watu wazima na afya zao wanaula kila siku. Mpe binti yako. Upike hivi hivi ulivyo.”

Bibi alishukuru kwa dhati. Lakini mjini kwetu wali mwekundu ulikuwa chakula cha vibarua wa mashamba ya Makurunge. Mwanamke aliyelala kitandani, wageni wakiingia na kutoka kumjulia hali, hakupelekewa sahani ya rangi ile. Tena mwanamke ajuaye kazi huupwaya mchele, huutwanga mara ya pili, mpaka kila punje ing’ae; hapo ndipo mgonjwa huonekana ana wenyewe. “Dawa imo ndani ya punje,” Bibi aliniambia. “Hii rangi ni uchafu tu.” Akatwanga asubuhi saba, kwa mikono yake ya kizee, na mtu akitaka kumpokea mchi alimfukuza. Mimi nilipewa kazi ya kuwamwagia kuku pumba. Zilikuwa laini, nyekundu, zenye harufu ya njugu, na kuku walizigombania.

Mama alikula. Alimsifu mama yake kwa wali laini. Siku ya nane, adhuhuri, pumzi zikamwishia.

Sakinabai alikuja matangani. Alipita uani, akasimama penye kinu, akawatazama kuku na midomo yao yenye vumbi jekundu.

“Nani aliutwanga?” akaniuliza taratibu.

“Bibi.”

Alijifunika uso kwa ncha ya sari yake. “Dawa yote ilikuwa kwenye ule wekundu, mwanangu. Usimwambie bibi yako. Kamwe usimwambie.”

Miaka kumi na mitano imepita. Sakinabai amekufa, na sijui mtu mwingine Bagamoyo aliyewahi kuuonja mchele ule. Mashine za kukoboa zimeenea, na kila nyumba inajivunia wali mweupe. Hata mimi, ninayejua, huula nikiwa ugenini nikaona haya kuusukuma. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu ndiye mimi, na mzigo huu sina pa kuutua.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia Bibi. Macho yamefifia, vidole vimepinda, na kinu amekigeuza kiti. Alinipakulia wali mweupe, akaketi kunisikiliza nikila.

“Mwenzenu roho yangu imetulia,” akasema. “Mama yako nilimtwangia kwa mikono hii. Hakula punje moja nyekundu.”

Nilifinyanga tonge la mwisho. Nililimeza.

“Ndiyo, Bibi. Ulimtwangia vizuri.”

Nikambusu mkono, nikavaa viatu, nikatoka. Nyuma yangu aliusukuma mlango taratibu, akatia komeo.