Mkono Ambao Akinyi Hakuuona

Asubuhi moja kule kisiwani Mfangano bado naikumbuka vizuri, mwanangu. Tulikuwa tunaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Mama yangu alimnyooshea Akinyi, mke wa kaka yangu, mkono wa salamu, na Akinyi akapita tu. Wanawake wakatazamana, maana kwetu mama mkwe hapitwi hivyo.

Na maneno yalikuwa tayari mengi. Blauzi ya Akinyi ilikuwa ikilowa maziwa na hakuwa na mtoto wa kunyonya. Hedhi ilikuwa imekatika, na kaka yangu alikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu Migori. Walisema ana mimba ya nje, ndiyo sababu anaficha uso. Mimi nilikuwa msichana mwenye mdomo, nikamwambia mama amrudishe kwao.

"Wacha kwanza," mama akasema.

Akamfuata Akinyi, akasimama kando yake, akanyoosha mkono tena. Akinyi akaendelea kuanika. Akasogea polepole hadi mbele, na Akinyi akaupokea kwa mikono miwili akitabasamu.

"Mama, kwani umetoka wapi?"

"Huyu haoni pembeni," mama akatuambia. "Mtu wa kiburi angenikataa hata hapa mbele."

Kesho yake mama na Akinyi walipanda boti hadi hospitali Homa Bay. Mimba haikuwepo. Damu ikapimwa zaidi, wakatumwa Kisumu kupigwa picha ya kichwa. Daktari akawaeleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njugu, inayoongoza homoni za mwili. Ya Akinyi ilikuwa imeota uvimbe, si saratani, uliokuwa ukileta maziwa na kukandamiza mishipa ya macho. Wangechelewa, angepofuka. Alipewa vidonge, uvimbe ukanywea, akaanza kuona vizuri tena. Mama yangu aliaibishwa mbele ya watu na bado akatulia akaangalia. Kwa hilo namstahi hadi leo.

Basi, mwanangu, maziwa yakitoka bila mtoto, hedhi ikikatika, kichwa kikiuma kila mara, macho yakififia pembeni, au mtu mzima akiona mikono na miguu inakua hadi viatu na pete havimtoshi tena, huenda ni tezi hiyo; nenda hospitali, usingoje majirani wakueleze. Dawa usiiache mwenyewe eti umepata nafuu. Na kichwa kikikuuma ghafla kama kinapasuka huku macho yakififia, nenda saa hiyo hiyo.

Mungu akupe afya, na akuweke kati ya watu watakaokuangalia kabla ya kukusema.