Mita ya Pikipiki

Mimi ni mtu wa roho juu juu. Luku ya umeme ikianza kulia tu, tayari nimesimama.

Mume wangu aliendesha malori karibu miaka yote ya ndoa yetu, na mke wa dereva wa lori hapa Tunduma anajua kungoja ni nini. Yeye yuko Zambia, au Kongo, simu haipatikani, mtoto ana homa, na wewe kila honi ya barabarani unaifungulia mlango. Kwa hiyo aliponiambia anaacha lori, ananunua pikipiki ya umeme afanye bodaboda hapahapa mjini, nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Sikuuliza hata inakula nini.

Inakula umeme, bila shaka. Tumepanga mtaa wa Chapwa, nyumba moja, wapangaji wanne, luku moja. Utaratibu wetu ulikuwa wa kijirani: kila chumba kinachanga sawa, mwenye runinga na mwenye taa moja, na ukinung'unika unaonekana mchoyo. Mume wangu hakutaka kuonekana mjanja, akasema ataongeza mchango kwa ajili ya kuchaji. Akapiga hesabu kwa bei ya yuniti tuliyoizoea, akalinganisha na petroli wanayonunua wenzake kijiweni, akacheka kama mtu aliyeokota pesa. Miezi ile ya mwanzo tulikula nyama hadi siku zisizo na sababu.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu hiyo, na hakuna aliyeliona. Nyumba inayotumia umeme kidogo hununua yuniti kwa bei nafuu. Ikizidisha matumizi, inahamishiwa bei ya juu, na kuanzia hapo kila yuniti ni ya bei hiyo, iwe ya pikipiki au ya taa ya chooni. Pikipiki yetu ilituhamisha nyumba nzima. Siku moja jirani yangu, mwanamke wa Kigoma anayeuza vitenge mpakani, alinunua umeme kwa pesa ileile ya siku zote, akaingiza namba, akatazama kilichoingia, akatoka uani amejishika kiuno.

"Jirani, hii luku imerogwa? Wallahi, pesa yote ile, umeme wenyewe kiduchu!"

Jioni tukakaa barazani wote. Laiti wangegombana, ningepata pa kujibu. Mume wangu alisema ataongeza tena mchango, na yule jirani akamjibu kwa upole kabisa:

"Shemeji, wewe utalipia pikipiki yako. Taa yangu je, nani atairudishia bei yake?"

Kesho yake mume wangu akaanza kuchajia kwa fundi wa kuchomelea mageti, kule barabarani. Kulipia chaji kwa fundi bado kulikuwa nafuu kuliko petroli, lakini fundi ana kazi zake, na pikipiki ilingoja zamu huku abiria wa asubuhi wakichukuliwa na wengine. Nyama ikarudi kuwa ya sikukuu. Halafu simu za tajiri wake wa zamani, mwenye malori, zikaanza, na mume wangu akawa anatoka nje kuzipokea. Mtu hatoki nje kwa sababu ya simu ya kheri. Sikuweza kukaa. Nilifua hata nguo safi.

Nilijua dawa: tuombe mita yetu wenyewe, wapangaji wengine warudi kwenye unafuu wao. Lakini lazima mwenye nyumba aridhie, na mume wangu aliona haya kumsumbua mzee wa watu wakati wa kuchuma kahawa. Nikamwacha na haya zake, nikapanda basi mwenyewe hadi Hasamba, kwa mwenye nyumba. Nilimkuta shambani anachuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kodi au ugomvi?"

"Mita, baba."

Nikamweleza yote, na mikono yake haikuacha kuchuma. Mwisho akasema, "Mita yenu, gharama zenu. Ila huyo fundi asinitobolee ukuta ovyo." Nilimshukuru mpaka nikamchosha.

Nilirudi Chapwa karibu nakimbia. Pikipiki ilikuwa uani, mume hayupo. Jirani wa vitenge alikuwa anaanua nguo, hakunitazama usoni.

"Kachukua begi. Kasema safari moja tu."

Ninaijua hiyo safari moja tu. Nimezaa watoto wawili katikati yake.

Bahati yangu ni foleni ya mpakani, ambayo nimeilaani maisha yangu yote. Malori yalikuwa yamesimama hayaendi. Nikapita ubavuni mwake, lori baada ya lori, nikitazama juu kwenye vioo, madereva wakiniita mama unatafuta nani, hadi nikamwona. Nikamwambia mwenye nyumba amekubali. Akaniuliza umeme utakuwa bei gani. Nikamwambia ile ya juu, sisi peke yetu, na bado ni nafuu kuliko petroli.

"Mama watoto, nimeshashika gari la watu."

Hapo ndipo nilipouona ufunguo wa pikipiki, kaufunga pamoja na wa lori, unaning'inia. Nikamuuliza anakwenda nao Kongo kufanya nini. Nikalia palepale barabarani, mbele ya madereva wote, wala sikuona haya. Nilimwambia nimechoka kuolewa na simu.

Akampigia tajiri atafute mtu mwingine. Nilimsikia tajiri hadi nilipokuwa nimesimama: akishuka humo, asimtafute tena mpaka anaingia kaburini. Akangoja dereva mwingine afike, akamkabidhi, akashuka na begi lake.

Mita tumefungiwa, majirani wamerudishiwa bei yao, na sisi hatuna tena lori la kukimbilia. Kila asubuhi nikiamka natoka kwanza kuangalia yuniti zimebaki ngapi, ndipo narudi ndani kumwangalia mume wangu.