Fundi wa Mapazia Asiye na Dirisha

Jua la asubuhi limeingia nusu ya chumba, na nusu hiyo ndiyo Mama Pazia anayoipima. Amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, futi ya kamba imemning'inia shingoni. Anasogeza kiti kidogo kuelekea dirishani, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, kisha anakirudisha kilipokuwa.

"Haya niambie, mwanangu," anamwuliza msichana aliyesimama mlangoni na ufagio. "Wewe na mumeo mtakuwa mnaonana saa ngapi?"

Msichana, ambaye Jumamosi hii anaolewa na amechukua likizo, anaziba mdomo kwa kiganja. "Mama Pazia jamani! Swali gani hilo?"

"Swali la kazi. Mengine yenu sitaki kuyajua."

Jibu linatoka polepole. Bi harusi husafisha jengo la ofisi na hutoka nyumbani asubuhi. Mchumba wake ni mwoka mikate, hukesha mbele ya tanuri na kurudi asubuhi hiyo hiyo, unga ungali kwenye nyusi. Siku za kazi watapishana mlangoni. Walichonacho ni muda wa kikombe kimoja cha chai.

"Basi chumba chote tunakijenga juu ya kikombe hicho," anasema Mama Pazia, na pini zinatoka mdomoni moja moja.

Ndiyo maana ya viti viwili vinavyotazamana chini ya dirisha. Juu yake linakuja pazia jepesi jeupe, ili mwanga uanguke kwenye nyuso zote mbili, na mbele ya hilo pazia zito jekundu la kumkinga mwoka mikate na mwanga wa mchana, alale mkewe akishatoka. Kati ya jiko na kitanda kutasimama pazia la tatu, lililochorwa maua yanayopanda mpaka juu.

Mawazo hayo ameyatoa kwenye hadithi za zamani za mapenzi, vile vitabu vilivyochakaa vinavyouzwa barabarani juu ya turubai. Anavijua kwa matukio. Binti anayemngoja mpenziwe dirishani. Taa inayowekwa pembeni ili anayerudi gizani aione. Wapendanao wanaozungumza huku wametenganishwa na kitambaa chepesi. Mteja akija, yeye humsikiliza kwanza, kisha humtafutia hadithi inayomwenea, kama unavyomtafutia mtu kiatu.

Lakini mapenzi ya vitabu yana tatizo moja, na Mama Pazia halisamehe.

"Mle ndani mapenzi yana sebule, yana ngazi, yana bustani," anasema. "Halafu kuna dada mmoja anafungua mlango, anaweka chai mezani, anatoweka. Hana jina. Hana mchumba. Pazia la futi kumi na mbili linapepea dirishani, na hakuna anayeuliza limefuliwa na nani."

Yeye anamjua aliyelifua. Mama yake mzazi alifua mapazia ya nyumba kubwa ya ghorofa kwa miaka mingi, kwa mikono, mpaka ngozi ya vidole ikawa laini na nyeupe kama ya mtu aliyezama majini. Binti alikuwa akimsaidia kukamua. Mama mmoja ncha hii, mtoto ncha ile, wanasokota mpaka maji yanakwisha. Vitabu vya mapenzi alivyosoma kwanza vilitoka humo humo, vikiwa vimetupwa kwenye boksi karibu na mlango wa nyuma.

Dirisha kuu la nyumba ile lilikuwa na kibaraza cha mbao cha kukalia. Mama aliondoa pazia lake na kulirudisha mara zisizo na idadi. Siku moja aliketi pale, apumue tu. Mwenye nyumba aliingia akamwambia, "Hapo si pako." Maneno matatu. Mama alikwisha fariki, maneno hayajafa.

"Basi mimi nampambia yule dada wa mlangoni," anasema Mama Pazia. "Hao wenye sebule wameshapambiwa vya kutosha."

Hapambi ukuta, lakini. Hapigilii hata msumari. Pazia linashikwa na mwanzi uliobanwa kati ya kuta mbili, rafu ni makreti yaliyofungwa kamba, maua huchorwa kwenye kitambaa. Ukimwuliza kwa nini, shangazi wa bi harusi, aliyekuja kusaidia kukunja vitambaa, anamtangulia kujibu.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Nyoka huyo alituuma sisi."

Ni zamani kidogo. Wazazi wa bi harusi huyu walipooana walikodi chumba chenye kuta zilizobabuka. Mama Pazia, fundi mchanga mwenye moto, alitaka kuwapa bustani ile ya vitabuni. Akapaka chokaa, akachora maua yanayotambaa kutoka sakafuni hadi darini. Watu walikuwa wanakuja kuchungulia. Na mwenye chumba naye akaja kuchungulia. Mwezi uliofuata akapandisha kodi, kwa kuwa "chumba sasa kina hadhi". Walishindwa, wakafungasha, na bi harusi wa leo alikuwa tumboni.

"Maua yangu yalibaki pale, yanamfanyia kazi yeye," anasema. "Nilikuwa nikipita naona mapazia ya watu wengine. Nilidhani ninawapa zawadi, kumbe nimewafukuza."

Tangu lini aliyeponya kidonda akatozwa kwa kupona kwake? Wapangaji wa mtaa mzima wanaweza kukupa mfano wao: aliyeziba paa, aliyeweka bomba, aliyepaka rangi. Jasho la mpangaji hukaukia kwenye ukuta wa mwingine, kisha huja kudaiwa kama deni. Na kila mara husemwa kwa upole.

Kwa upole huo huo, asubuhi ile ile, mwenye nyumba anabisha hodi. Ni mtu mzima mwenye kofia safi na salamu ndefu. Mapazia yote yameshasimama. Anaingia, anazunguka, anagusa maua ya kitambaani kwa kidole.

"Mashallah! Hiki ni chumba changu kweli?"

"Ndicho, Mzee," anajibu bi harusi.

"Kimekuwa cha kifalme. Sasa mwanangu, utaniwia radhi. Kwa hali hii ile kodi tuliyosema haifai tena. Tutaongeza kidogo, kama robo hivi."

Bi harusi anaukumbatia ufagio. Robo hiyo ndiyo nauli yake ya mwezi mzima, na ndoa ni Jumamosi. Shangazi mtu anamtazama Mama Pazia; kisa hiki kina umri sawa na mpwa wake.

Mama Pazia hapandishi sauti. "Mwanangu, shika ncha ile."

"Ipi?"

"Ya jekundu. Kunja kama shuka."

Mwanzi unachomolewa. Pazia jekundu linashuka, jeupe linafuata. Shangazi amekwisha elewa, anafungua kamba za makreti huku akipiga kigelegele kifupi cha kejeli. Majirani wanasogea mlangoni. Muda wa kikombe kimoja cha chai tu, na chumba kimerudi kuwa kilivyokuwa: doa la unyevu lenye umbo la jembe, ufa unaoshuka kutoka darini, na sakafu iliyochimbika.

"Hicho ndicho chako, Mzee," anasema Mama Pazia. "Hiki kilichokunjwa ni chetu. Ongeza kodi ya chako."

"Mama, mbona unakuwa mkali? Nilikuwa nasifu."

"Ulisifu kwa robo."

Mlangoni watu wanacheka. Muuza mkaa wa chumba cha jirani anadakia, "Mzee, na mimi nina pazia la Mama Pazia. Nilikunje au nisubiri?"

"Na mimi!" anaitikia mwingine kutoka uani.

Mwenye nyumba anautazama ufa kama anauona mara ya kwanza. Anavua kofia, anaivaa tena. Mwishowe anasema kodi ibaki ile ile kwa mwaka huu, na kwamba ufa ataleta mtu autazame.

"Mbele ya hawa majirani?" anauliza shangazi.

"Mbele yao."

Ni ushindi wa mwaka mmoja, na Mama Pazia hauiti kwa jina kubwa zaidi ya hilo. Mwoka mikate anapoingia, amechoka, mkate wa moto kwapani, anakuta mchumba wake juu ya kiti akirudisha mwanzi wa pazia jeupe mahali pake. Anaketi kwenye kiti cha pili. Anamtazama tu mchumba wake akiwa kwenye ule mwanga mweupe.

"Umeona?" Mama Pazia anamnong'oneza shangazi. "Kiti kimeanza kazi."

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Malipo ya chumba kimoja humtosha Mama Pazia nusu ya kodi yake mwenyewe, na chumba anachoishi hakina dirisha kabisa. Hewa huingia kwa mlango. Hata hivyo ukuta wa ndani una pazia la kijani, refu, lenye upindo safi, na mgeni hudhani nyuma yake kuna uwazi.

Analivuta. Nyuma yake, imeegemezwa ukutani, ipo fremu ya dirisha la mbao, kubwa, rangi imebabuka, na kibaraza chake cha kukalia. Nyumba ile ya ghorofa ilipobomolewa aliinunua kwa wavunjaji, akaipakia kwenye mkokoteni.

Yeye na mafundi wenzake wanachanga kwa zamu kununua viwanja. Zamu yake ni mwakani. Mumewe humtania kwamba yeye ndiye mtu pekee duniani aliyeanza kujenga kwa dirisha.

"Acha acheke," anasema, akifuta vumbi kwenye kibaraza kwa upande wa khanga. "Dirisha limetangulia, nyumba iko njiani. Na ukuta wake nitauchora maua mpaka juu, nipigilie na misumari."

Kisha anaketi pale, mgongo ukigusa matofali, na anakaa muda anaotaka.