Betri ya Pikipiki ya Zahanati

Mwezi uliopita nilikwenda Tabora kwa msiba wa shangazi, na siku ya kuondoka bodaboda niliyoipanda ikazimika pale Mtendeni, mbele ya genge la nyanya. Kijana aliyekuwa ananiendesha hakuhangaika. Aliisukuma hadi kwa fundi ng'ambo ya barabara. Fundi akafungua kiti, akagusisha nyaya mbili za mita yake kwenye betri, wakaisukuma mpaka ikawaka, akamwambia kijana avute resi, naye akatazama namba.

"Betri nzima," akasema. "Haipati chaji. Rektifaya imekufa."

Akaingia ndani, akatoka na nyingine, kidude chenye vibati, ndani ya kimfuko cha nailoni, akaifunga kwa bolti mbili. Kijana akaniita, "Mama, twende." Nilibaki kwenye benchi. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba mpaka machozi yakakauka.

Nitakueleza kwa nini. Huenda na wewe ulikuwa mtoto miaka ile, na kama hukuwa, sikiliza tu.

Tulikaa katika kijiji cha ujamaa magharibi ya Kwihara, kando ya barabara ambayo watu wazima waliiita njia ya wapagazi. Babu zao walipita hapo na pembe mabegani wakielekea pwani. Sisi tulipita hapo na ndoo vichwani tukielekea kisimani. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, na katika mistari hiyo watu walikuwa wageni wao kwa wao, kila mmoja ametolewa kwake, bado anataja miti ya uwanja aliouacha. Asubuhi tuliamshwa na mchakamchaka wa shule. Msimu wa tumbaku moshi wa mabani ya kuikaushia uliingia mpaka kwenye mashuka, na hadi leo nikinusa tumbaku mbichi inayokauka nasikia njaa, kwa sababu ndiyo miezi ambayo mama alianika matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha, juu ya bati, na mimi na mdogo wangu tuliyaiba yakiwa bado laini katikati. Jioni tulikula ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga. Asali ilikuja kwenye madebe kutoka porini, ina masega na nyuki waliokufa, na hakuna aliyejali.

Baba alikuwa tabibu wa zahanati. Watu walimwita daktari, naye alikwisha kuchoka kuwasahihisha.

Jirani yetu wa upande wa kisima alikuwa mama wa Kisukuma, mrefu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Alikuwa na binti mmoja wa rika langu, na baada yake watoto wawili aliowazika. Mama yangu alishinda zahanati akimsaidia baba, kwa hiyo mimi nilikua nusu kwetu na nusu kwake. Yeye ndiye aliyenisuka nywele kila Jumapili, akinibana kichwa kwa magoti, na ukilia anabana zaidi huku anacheka.

Pikipiki ya zahanati ilikuwa ya kijivu, mali ya serikali. Kwa pikipiki hiyo dawa zilifuatwa mjini, na ndiyo iliyokwenda kuita gari la wagonjwa pale mtu alipozidiwa, kwa sababu simu hatukuwa nayo. Kwa mwendo wa kawaida mjini ilikuwa saa moja na ushee.

Ugonjwa wake ulianza kwenye honi. Badala ya kulia ikawa inakoroma. Kisha taa ya mbele ikageuka rangi ya chungwa, na baada ya hapo kama kaa linalozimika. Mwisho ikakataa kuwaka kabisa, maana pikipiki zile bila betri hazikuwa na cheche. Ungepiga kiki mpaka goti likuume.

Baba aliishughulikia kama alivyowashughulikia wagonjwa, kuanzia jambo jepesi. Alifungua vifuniko vitatu vya betri, akaona maji yamepungua, akaongeza maji ya mvua ambayo mama aliyakinga kwenye chupa safi. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ungaunga wa kijani. Akavisugua kwa maji moto na magadi. Akakwangua nyaya kwa wembe mpaka shaba ikang'aa. Alhamisi lori la tumbaku lilipopita, akaipakia betri ndani ya sanduku la mbao iende mjini kuchajiwa, na Alhamisi iliyofuata ikarudi. Pikipiki ikaunguruma kwa teke la kwanza, watoto tukashangilia. Siku chache baadaye taa ikaanza tena kuwa ya chungwa. Alifanya hivyo mara nne. Kila mara alisema betri imezeeka, na kila mara alisema kwa sauti ndogo kidogo.

Mara ya nne betri iliporudi aliiendesha mwenyewe mjini, na mimi nikiwa nyuma na jino bovu. Aliyekuwa anachaji betri alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la baiskeli, mtu wa taratibu, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Daktari, unaionea hii betri," alisema. "Nikishaichaji naiweka pale kwenye rafu siku tatu, nne, haishuki. Betri iliyokufa haikai hivyo. Ugonjwa hauko humu."

Akatoka barazani. Akamwambia baba awashe injini na taa, kisha avute resi. Baba akavuta. Taa ikabaki vilevile.

"Umeona? Ingekuwa inachaji, ukivuta na taa inazidi. Hii inakula akiba tu, hakuna kinachoingia."

Akainama, akafuata nyaya kwa kidole mpaka chini ya kiti, akafungua kidude chenye vibati vilivyopangwa kama sahani kabatini, akakinusa, akampa baba naye anuse. Na mimi nikanusa. Kilinuka kabichi iliyooza.

"Umeme unatoka kwenye injini, unapita hapa, unaingia kwenye betri. Hapa pameungua. Njia imefungwa."

"Unacho kingine?"

Yule mzee akavua miwani. Rafu za nyuma yake zilikuwa tupu, zimebaki minyororo michache na pampu moja. "Nimeagiza vitu Dar es Salaam tangu mvua za mwaka jana. Hata vijiti vya baiskeli sijaletewa."

Baba aliandika barua kwa wakubwa wake wilayani. Akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Akaandika nyingine. Mwishowe aliacha kusubiri, akaanza kuishi na ugonjwa ule. Alichomoa taa na honi zisile umeme. Yule mzee alikuwa amemkadiria kwamba betri ikijaa itampa saa tatu za mwendo, akibahatika nne. Yaani kwenda mjini na kurudi mara moja, halafu isubiri lori. Kijiji kizima kilijua hesabu hiyo. Watu waliugua huku wakiuliza, "Betri ipo?"

Mwaka huohuo nilichaguliwa kusema ngonjera mbele ya kiongozi aliyekuwa anakuja kutembelea Tabora. Mwalimu aliniambia mbele ya darasa, nikashindwa kula mchana ule. Lakini aliyenifundisha kuisema hakuwa mwalimu. Alikuwa jirani yetu, ambaye hakujua kusoma. Alikaa mlangoni kwake na tumbo lake kubwa, ana ungo wa kunde mapajani, akinirudisha tena na tena. "Usisemee puani. Semea hapa," anagonga tumbo langu kwa ngumi. "Na usiwatazame watu, tazama bendera." Sketi yangu alinishonea yeye kwa mkono, kutoka kwenye kanga yake.

Siku ya sherehe lori lililoahidiwa kutuchukua watoto halikuja. Tulisimama barabarani tangu alfajiri, na jua lilipopanda mwalimu akaturuhusu turudi nyumbani. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi na sketi yangu mpya. Betri ilikuwa imerudi Alhamisi iliyopita, imejaa. Baba alisimama mlangoni pa zahanati akiniangalia.

Jirani yetu alitoka, mkono kiunoni. "Mpeleke, daktari. Mtoto amejiandaa."

"Na wewe je? Siku zako zimekaribia."

"Mimi bado. Huyu ni wa mwezi ujao."

Mama akasema, "Basi betri ichajiwe hukohuko mjini kabla hamjarudi." Baba akaitikia kwa kichwa, akaisukuma pikipiki barabarani, akaniambia, "Panda."

Nilisema ngonjera yangu. Nilisemea tumboni, nikatazama bendera, na uwanja mzima ukapiga makofi. Nakuambia hili kwa sababu sijapata siku nyingine kama ile. Lakini mjini maduka yote yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mgeni. Lile duka la baiskeli nalo lilikuwa limefungwa, na hakuna aliyetuitikia. Baba akasema labda tulale kwa mpwa wake, kesho tuchaji. Mimi nikamvuta shati. Nilitaka twende nyumbani. Akanitazama kidogo, akapiga kiki, tukaondoka.

Siku ya tatu asubuhi mama aliniamsha akanikabidhi binti wa jirani, nikae naye. Uchungu ulikuwa umemwanza mama yake tangu jana yake mchana, na baba alikuwa amegundua kwamba mtoto amekingama tumboni. Mambo kama hayo hayakuwa ya zahanati yetu. Yalikuwa ya hospitali ya mjini, na hospitali ni gari, na gari ni pikipiki.

Baba alipiga kiki nikahesabu. Kumi na moja, kumi na mbili. Wanaume wakaja kusukuma. Waliisukuma mpaka mteremko wa kisimani, na huko chini tukaisikia inashika, inakohoa, inashika kweli, na vumbi likapanda. Watu walisema ahsante Mungu. Yule binti alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia, "Imewaka."

Ilifika mbugani, ikazima. Baba alitueleza baadaye kwa maneno machache. Aliipiga kiki mpaka akachoka, akaisukuma, akaitupa kichakani, akatembea. Alikutana na mrina asali mwenye baiskeli, naye akashusha madebe yake akampa hiyo baiskeli. Alifika mjini jua limepinda. Gari lilikuwa limetoka na mgonjwa mwingine, ikabidi lisubiriwe.

Lilifika kwetu kesho yake, jua limeshatoka. Nilikuwa kisimani nilipolisikia. Nilikimbia nikiamini bado. Mlangoni pa zahanati mama alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, mikono yake imelala mapajani. Baba alishuka, akamtazama mama, akaingia ndani, akatoka, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu.

Tulimzika jirani yetu na mtoto wake pamoja. Wakati wa kuchimba kaburi nilimsikia mtu mmoja akimwambia mwenzake, bila ubaya, kama anayetaja hali ya hewa, "Betri iliishia kwenye sherehe." Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikwenda kujificha nyuma ya bani la tumbaku.

Mume wake alikuja kwetu baada ya matanga. Alikunywa uji, akamwambia baba, "Daktari, hujakosa." Tangu siku hiyo hawakuja tena kuomba moto, wala sisi hatukwenda kuomba chumvi, na binti yake alibadilisha njia ya kwenda shule. Ulipoisha msimu walirudi walikotoka, kabla hata mtu hajawaruhusu. Mimi sikusema tena ngonjera. Mwalimu alinibembeleza, kisha akanichapa, kisha akaniacha.

Baba hakuipanda tena pikipiki ile. Alitembea kwa miguu na mkoba wake wa dawa mpaka alipostaafu. Nyumbani hakuna aliyetaja jambo lile, si mama, si yeye. Miaka ikapita, kijiji kikapungua mstari kwa mstari, watu wakifuata miti yao. Nilipita huko nilipokuwa na watoto wangu. Zahanati ilikuwa kuta tatu. Kisima kilikuwa kimefukiwa. Niliuliza kaburi la jirani yetu kwa mwanamume aliyekuwa analima hapo, akasema hajawahi kusikia kwamba hapo palizikwa mtu.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake, baba akiwa kitandani, nilimuuliza. Nilikuwa mtu mzima, nina mvi.

"Baba, siku ile ya ngonjera. Tulipokuwa tunarudi. Ulijua?"

Aligeuza kichwa juu ya mto, akanitazama.

"Niliisikia inachoka tangu tunatoka mjini," akasema. "Injini ikikosa umeme unaisikia. Nilijiambia nisimame, turudi, tulale, tuchaji kesho yake. Nilipunguza mwendo kabisa."

"Kwa nini hukusimama?"

"Ulikuwa umenishika kiunoni, unasema ngonjera yako kwa sauti, tena na tena. Nikakuuliza tulale mjini? Hukumbuki? Ukasema hapana, unataka ukamsimulie aliyekufundisha kabla hajalala."

Nilimsimulia, kweli. Nilimkuta amekaa mlangoni ananisubiri. Alinitaka niiseme yote tangu mwanzo, nikaisema, naye akapiga makofi peke yake.