Risasi ya Kamanda Nandonde

Husein Alibhai alikuwa mzaliwa wa Newala, dereva wa lori tangu ujana wake. Toronto ndiyo iliyomgeuza mmwaga zege. Mwaka wa tisini na tano alikuwa akijenga ghorofa kwenye kitongoji cha Agincourt pamoja na Télesphore, mkimbizi kutoka Uvira, mtu pekee pale kazini aliyejua Kiswahili.

Adhuhuri moja walikuwa wakila, Husein akimsimulia jinsi alivyowavushia mizigo wapigania uhuru wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma hadi njia ya Mueda. Jina hilo likamfikia Amaro, Mreno aliyekuwa akifunga nondo karibu nao.

"Umesema Mueda?" akauliza kwa Kiingereza. "Ulibeba nini?"

Husein angeweza kudanganya kwamba ilikuwa chumvi. "Risasi," akajibu. "Na mabomu ya kutega."

Amaro aliwahi kuwa askari wa Ureno huko, na mdogo wake alisambaratishwa na bomu la kutega. Akanyakua koleo. Pigo la kwanza lilimchana Husein shavu, la pili likamng'oa meno. Alipoanguka, Mreno akampanda kifuani na kumkaba koo. Télesphore akaokota kipande cha nondo, akamtandika Amaro begani, mfupa ukalia. Akainua tena, safari hii akilenga kichwa.

"Usimuue!" Husein alikoroma, damu ikimjaa kinywani. "Télesphore, nakusihi, tupa hiyo!"

Télesphore akaitupa, lakini kwa shingo upande. Hata alipokwenda kumjulia hali nyumbani, hasira ilikuwa haijamtoka. Sughra, mke wa Husein, alikuwa akimnywesha mumewe uji kwa kijiko.

"Mzee Husein, mtu anakuua, wewe unamtetea?"

Ndipo Husein alipomweleza jambo ambalo hata Sughra hakuwahi kulisikia.

Vita vya Msumbiji vilikuwa ukingoni. Serikali ya Lisbon ilikwishapinduliwa, wakubwa wa pande mbili wanatafutana wazungumze, lakini msituni watu bado wanakufa. Kamanda Nandonde wa wapigania uhuru akaona heri aongee mwenyewe na kapteni wa kambi moja ya Wareno, waweke silaha chini waondoke salama. Husein akaendesha lori lenye bendera nyeupe. Kapteni akatoka na luteni wake, wakatandaza ramani juu ya boneti, na maneno yakaanza kukubaliana.

Mlinzi wa kamanda aliitwa Atanasi. Dada zake walichomwa moto ndani ya nyumba na Wareno. Alipomwona luteni yule akicheka kidogo, akampiga risasi ya uso.

Bunduki za kambini zikawaelekea. Nyuma ya mikorosho wapiganaji nao wakakoki zao. Kamanda hakupiga kelele. Alichomoa bastola, akampiga Atanasi kwenye paji la uso, ubongo ukamrukia Husein kifuani. Kisha akamgeukia kapteni.

"Mmoja wako, mmoja wangu. Tuendelee?"

Kapteni akaivuta tena ramani karibu. Akasema ndiyo, na kambi nzima ikatoka bila risasi nyingine.

"Na kamanda?" Télesphore aliuliza.

"Nilimpeleka kwa mama yake Atanasi. Alikuwa uani anatwanga. Kamanda akamwambia, 'Mama, mwanao nimemuua mimi.' Yule mama akamvunja mkono kwa mchi. Kamanda akabaki amesimama palepale, akingoja apigwe tena."

"Alifanya haki?"

Husein akasukuma kijiko cha uji kando. "Nikiwafikiria waliookoka, naiona haki. Nikimkumbuka yule mama, siioni. Lakini kuona mwingine akipasuliwa kichwa mbele yangu, hapana."

"Mimi ningempasua," Télesphore akasema, na Sughra akamwambia ashushe sauti.

Polisi walipokuja, Husein alikataa kumshtaki Amaro. Msimamizi alimfukuza Amaro kazi hata hivyo.

Husein na Amaro walikutana tena majira ya baridi, kituo cha basi cha barabara ya Sheppard. Mkono wa Amaro haukuwa ukinyanyuka tena vizuri. Hakuomba radhi, wala Husein hakumdai.

"Mdogo wangu aliitwa Duarte," Mreno akasema.

"Alikuwa na umri gani?"

Amaro akamweleza umri wake, na jinsi alivyopenda kuimba kanisani, na jeneza lililokuja limefungwa kabisa. Husein aliacha basi lake liondoke, akaendelea kumsikiliza kwenye baridi hadi Mreno alipopanda la kwake.