Mashine Iliyokula Fidla

Mume wangu aliponiletea karatasi ya kuuza shamba la Kiegeani niweke jina langu, nilimuuliza swali moja tu: tunauza minazi ili tununue nini? Akasema, amplifaya mbili na prosesa. Nikamrudishia karatasi yake.

Naeleza mwenyewe, maana watu wamesema mengi na wengi wao hawakuwepo. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Jina langu naliandika polepole, lakini silitupi ovyo. Mwenyekiti wa kijiji alikwishamwambia mume wangu kwamba shamba la familia haliuzwi bila mke kukubali, kwa hiyo minazi ile ilikuwa inaning'inia kwenye kalamu yangu. Aliipanda baba mkwe wangu. Ndiyo iliyosomesha watoto wetu, na sasa watoto wako makwao, ndiyo inayotulisha sisi wawili. Nazi, mafuta, makuti ya kuezekea, vyote vinatoka pale.

Mume wangu ni mtu wa taarabu. Tangu ujana wake watu walikuwa wakimletea kanda asikilize, awaambie nani kapiga vizuri na nani kaharibu. Alikuwa na sikio. Mdogo wake aliyeko Maskati alimletea spika mbili ndefu, zinanifika kifuani, na amplifaya yake. Akafurahi kama bwana harusi. Kila baada ya sala ya alasiri anakaa kwenye kiti chake, anafumba macho, hataki kuulizwa hata kama chumvi imekwisha.

Halafu akaanza kulalamika.

"Hii mashine inakula fidla," alisema.

"Inakulaje?"

"Wimbo ninaujua. Hapa fidla inapanda. Sasa inapanda, inapotea. Mashine inaikula."

Akanunua amplifaya nyingine. Nayo ikaila fidla. Hapo ndipo alipoingia fundi.

Fundi huyu alikuwa mtu wa makamo, kazi yake kufunga vyombo vya muziki kwenye hoteli za Ghuba ya Chole, hapa Mafia. Sikumpenda. Aliisifia chai yangu kabla hajaionja. Mtu anayesifia chai asiyoionja, mtazame mikono. Alimwambia mume wangu kwamba dawa ni kutenganisha kazi: kuwe na prosesa, mashine ya kupanga sauti na kuigawa, halafu kila spika ipate amplifaya yake ya kuipa nguvu. Alipotaja bei, mume wangu hakunitazama. Wiki haikwisha, mnunuzi wa shamba akatokea, naye mtu wa mahoteli. Nikawaunganisha hao wawili kichwani mwangu kama mtu anavyofunga kuni.

Asubuhi moja fundi akaja na maboksi matatu kwenye guta lake la magurudumu matatu.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Hizo zetu au zako?"

"Zangu bado. Mzisikilize kwanza. Mkizipenda zinabaki, mkizikataa naondoka nazo."

"Na gharama ya kuzileta?"

"Juu yangu."

Ndiyo nikazidi kumshuku. Abebaye mzigo bure kuna mahali pengine anapolipwa.

Walipozitoa nikaomba kuishika amplifaya moja. Mume wangu akacheka. "Utaitazama meno?" Miaka mingi nimeuza pweza, na najua kuna watu humlaza pweza kwenye maji ya kisima usiku kucha avimbe, apande mizani. Kitu kinachouzwa kwa kusifiwa uzito wake, mimi nakinyanyua mwenyewe. Nikanyanyua upande mmoja, mzito. Upande wa pili, mwepesi.

"Humu mmetia nini?" nikamuuliza fundi.

"Ni transfoma, bi mkubwa. Inakaa upande huo."

"Nimesikia wanaotia zege."

"Wapo," akasema. Nilishangaa alivyokubali upesi. "Wapo wanaotia hata kipande cha reli. Nikufungulie?"

"Fungua."

Mume wangu akasema, "Mke wangu, unatuaibisha."

"Wewe aibika, mimi nitazame."

Fundi akafungua skrubu zote kimya kimya. Ndani mlikuwa na duara kubwa la nyaya za shaba zilizosukwa, safi, na pembeni vibati vimepangwa. Zege halikuwepo. Nilikosea, na fundi hakucheka, jambo ambalo halikunipendeza pia. Nikasema basi funga.

Akawasha. Baada ya muda nikaiwekea mkono juu, ina moto kama kikaango, na muziki haujaanza. Fundi akasema ndiyo maumbile yake, aina hii hula umeme hata ikiwa imekaa, na sauti yake huwa laini kwa sababu hiyo. Nikamwambia mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe; hii nitaipa nini?

Mume wangu akachagua wimbo wake. Nami nasema ukweli: sauti ilikuwa nzuri. Nyuzi za ganuni zilikuwa kama mtu anamwaga shanga sakafuni. Fidla ikapanda, ikapanda, mpaka nikahisi ubaridi shingoni. Nikamgeukia nimwambie sawa, hapa nakubali ni kizuri ingawa shamba siuzi.

Alikuwa amekunja uso.

"Bado inaila," alisema.

Fundi akasema prosesa bado haijakijua chumba. Akatoa kipaza sauti kidogo kama kidole, akakisimamisha kwenye kiti cha mume wangu, pale kichwa kinapokuwa, akatuomba tukae kwenye mkeka na tunyamaze. Mashine italia yenyewe, itasikiliza jinsi kuta zinavyorudisha sauti, kisha itajirekebisha.

Ikaanza chini kabisa, mngurumo kama lori linapanda kilima. Ikaja sauti ya mtu anayeguna, ikaja filimbi, ikaendelea juu, nyembamba, nyembamba.

"Imekufa," mume wangu akasema kwa sauti.

Nikamtazama.

"Si mnaona? Hata hii. Imekata."

Ilikuwa bado inalia. Ilikuwa inalia kama mbu anayekutafuta sikio. Nikamgeukia fundi. Fundi alikuwa anatazama kioo cha kubonyeza alichokishika mkononi, na hakuinua macho.

"Mzee, tumeongea, kipimo kimeharibika," akasema. "Turudie."

Tukarudia. Mngurumo, mguno, filimbi. Ilipofika palepale, mume wangu akapunga mkono wa kukata tamaa. Na sauti ikaendelea bila yeye.

Nilikaa kwenye mkeka ule na mambo yakaja moja moja. Mjukuu wetu wa kike akipiga simu, babu yake husema mtandao mbaya, akipiga baba yake mtandao mzuri. Mwaka mzima amekuwa akisema mbu wamepungua Mafia. Mimi ndiye niliyekuwa ninaumwa nao. Nilikuwa nimeshuku mashine, nimemshuku fundi, nimemshuku mnunuzi ambaye hata sijampa maji. Mtu ninayelala naye kitanda kimoja sikumtilia shaka.

Nikamwambia fundi, "Nenda uani ukanywe chai. Safari hii uionje kwanza."

Alipotoka nikamwambia mume wangu, sikuzunguka. "Mashine haijala kitu. Masikio yako ndiyo yanayoila fidla."

"Unaniita kiziwi ndani ya nyumba yangu?"

"Sijakuita kiziwi. Kiziwi asingekasirika upesi hivi."

"Watu wa kisiwa kizima wanakuja kuniuliza mimi habari za muziki."

"Wanakuja. Na sauti ilikuwa inalia uliposema imekufa."

Nilidhani atatoka nje. Hakutoka. Alimwita fundi kwa ukali, akamwambia aiwashe tena ile sauti kisha aturudishie mlango. Akaniambia, "Kaa hapa mbele yangu. Tufumbe macho. Kila mmoja ainue mkono, asiposikia aushushe."

Tukainua mikono, wazee wawili, kama watoto wa darasa la kwanza. Sauti ikapanda. Mimi sikufumba macho sawasawa, siwezi kudanganya hapa. Niliuona mkono wake ukishuka. Wangu ukabaki juu, na sauti ikaendelea, na sikujua kama niushushe kwa huruma. Akafumbua macho akauona.

"Shusha mkono," akasema.

"Bado inalia."

"Umeungoja wangu ushuke. Hutaki shamba liuzwe."

"Kweli sitaki. Na bado inalia."

Mimi niliyemfungulisha fundi mashine yake kwa kushuku zege, sasa mimi ndiye niliyeshukiwa kuwa na zege. Na alikuwa na haki. Ningekuwa yeye nisingemwamini mwanamke mwenye minazi moyoni.

Akafungua mlango mwenyewe. "Mara moja tena," akamwambia fundi. Safari hii hakufumba macho. Alikuwa ananitazama usoni, anatafuta uongo.

Paka wetu alikuwa ameingia wakati ule mlango ulipofunguliwa, akajilaza juu ya boksi tupu. Mngurumo haukumsumbua. Filimbi ilipoanza akafumbua jicho. Mume wangu akashusha mkono wake, na mara hiyohiyo masikio ya paka yakasimama, yakageukia spika. Sauti inavyopanda, yanatetemeka. Mwisho akainuka, akanyoosha mgongo, akatoka nje kama mtu aliyetukanwa. Kisha sauti ikakoma, nami nikashusha mkono.

Mume wangu alitazama lile boksi muda mrefu.

"Paka hana shamba," akasema.

Kuna saa mtu hushinda, na akifungua mdomo ameharibu.

Akaenda chumbani, akarudi na ile karatasi ya kuuza shamba, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwake. Hakunipa mimi niichane. Akamwambia fundi, "Zifunge. Ni nzuri, ila si zangu." Fundi hakuuliza kwa nini. Muuzaji aliyekosa biashara kubwa namna ile angeuliza japo mara moja. Huyu alianza kuzungusha nyaya.

Nikamfuata mpaka kwenye guta.

"Ulijua?"

"Nijue nini, bi mkubwa?"

"Usinizungushe. Ulijua mzee hasikii zile sauti za juu?"

Akaendelea kufunga kamba. "Ningeanzaje kumwambia mzee kama yule, kwenye kiti chake? Angenifukuza, akamwita fundi mwingine."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilidhani."

"Tangu lini ulidhani? Kabla ya kutaja bei au baada?"

Akavuta kamba, akaijaribu kama imekaza. "Ndiyo maana nikasema mzisikilize kwanza," akasema, akapanda guta lake akaondoka. Nimelipima jibu lile mara nyingi. Upande mmoja zito, upande mmoja jepesi, na hili sina wa kunifungulia skrubu.

Mnunuzi naye hakurudi. Labda hawakujuana kabisa. Labda walijuana.

Tulikwenda hospitali ya wilaya. Daktari alimtazama masikio, akasema ni umri, sauti za juu ndizo hutangulia kuondoka, na vipo vifaa vya kuvaa sikioni, ila vya kwenda kupimiwa Dar. Mume wangu alisema atafikiri. Bado anafikiri. Watu wanaomletea nyimbo bado wanakuja, na mimi siku hizi hukaa karibu nao nikichambua mchele, sikio kwenye wimbo, jambo ambalo zamani sikulifanya.

Baada ya alasiri anawasha ile amplifaya ya Maskati. Wimbo unakwenda, ananiuliza bila kunigeukia, "Imeingia fidla?" Kama haijaingia nasema bado. Ikiingia nasema imeingia. Hata siku nilizomkasirikia sijamdanganya kwa hilo. Lakini nikisema imeingia, huwa anageuka, ananitazama machoni, halafu ndipo anaanza kutikisa kichwa kuufuata wimbo.